Mwizi wa Koboko na Mkanda Uliopigwa Mara Mbili

Juzi mjukuu wangu alinionyesha simu yake. Alikuwa amempiga mbuzi wetu picha kumi na saba, mbuzi yule yule, amesimama pale pale. Nikamuuliza, "Huyu mbuzi alikuwa anafanya nini cha ajabu?" Akasema, "Hakuna, bibi. Nilikuwa natafuta ile nzuri." Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Sisi kwa picha kumi na saba tungemaliza harusi mbili na ubatizo.

Basi ninyi mnaokuja hapa uani kwangu Awindiri kuniuliza habari za kutengeneza filamu, huku mkilalamika kwamba simu imejaa, betri imekwisha na mwenzenu amechelewa, kaeni niwape yangu. Nimeshika kamera zaidi ya miaka thelathini. Nimepiga harusi, mazishi, mahafali, vijana wa mpira wa Onduparaka wakishinda na wakishindwa, na ng'ombe mmoja wa mahari ambaye mtoaji wake alitaka ushahidi. Lakini filamu ya hadithi nilipiga moja tu, ya dakika nne, na ndiyo iliyonipa kazi hizo zote. Nusura inikoseshe zote pia. Mimi nitasimulia kwa Kiswahili cha vitabu. Watu wa hadithi niachieni waseme chao, maana ndivyo nilivyowasikia.

Nilianza kazi kwa Papa Musafiri, Mkongo aliyekuwa na studio ya picha mjini Arua, karibu na soko. Alivuka mpaka na mke wake, Biblia yake na kamera zake mbili, na mapenzi yake yalikwenda kwa utaratibu huo, ingawa mkewe alikuwa akisema utaratibu umegeuzwa. Kazi yangu ilikuwa karai. Picha zikitoka kwenye dawa, mimi nazisuuza kwa maji matatu, nazitandika zikauke. Miaka miwili mikono yangu ilikuwa na mikunjo kama ya kikongwe, na mimi binti wa miaka kumi na tisa. Sikuona aibu, karai lilinilisha. Lakini kila Papa Musafiri alipobeba kamera kwenda harusini na kuniacha na ndoo, moyo uliniuma waziwazi, na nilikuwa nasuuza kwa hasira mpaka ananiambia, "Candiru, polepole, utatoa bibi arusi sura."

Mwaka ule maduka ya mjini yalikuwa yamebadilisha wenyewe, wafanyabiashara wa zamani wamefukuzwa nchini, na filimu za kamera zilikuwa zimeadimika. Ukipata mkanda, unauweka pamoja na sukari. Ndipo akaja kijana wa chuo cha ualimu, jina lake Ezati, mwembamba, mwenye daftari kwapani. Alikuwa ameandika hadithi ya kusisimua: usiku wa kuamkia mitihani, mwizi anaiba sanduku la karatasi za mitihani, mpelelezi anamfuata mpaka Koboko, kwenye njia za kwenda Sudani na Kongo, na pale anamkamata hatua chache kabla hajavuka. Alitaka ionyeshwe siku ya wazazi chuoni. Mwalimu mkuu alikuwa amekubali, tena alikubali na kucheza mwenyewe, kwa sharti kwamba hatakimbia.

Papa Musafiri alisoma daftari lote akiwa amesimama. Alikuwa na kamera ndogo ya sinema, ya kukaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, na mikanda miwili tu.

"Mimi sina nafasi," akasema. "Lakini Candiru atapiga."

Mimi nilikuwa nimeinamia karai. Nilidhani kuna Candiru mwingine.

"Siku tatu," akaniambia. "Siku ya Mungu kamera inarudi hapa, iko arusi. Mukanda ikitoka muzuri, we utakuwa mutu wa kamera, utaenda maarusi na mimi. Ikiharibika, utabaki na karai yako, na hii maneno ya kamera hatutasema tena. Unasikia?"

Nilisikia. Nililala na yale maneno siku hizo zote.

Sasa sikilizeni jinsi ile kamera ilivyofanya kazi, maana msipoelewa hapa hamtaelewa kilio changu. Ukiikaza mpaka mwisho, inakwenda kama nusu dakika, halafu inasimama, ukaze tena. Kwa hiyo hakuna mtu wa kukaa akifikiri mbele ya kamera. Tulikuwa tunafanya mazoezi bila kuiwasha, mimi nahesabu kwa sauti hadi ishirini na tano, na mwizi asipofika mlangoni kabla ya ishirini na tano, tunarudia. Na mkanda wenyewe ulikuwa na pande mbili. Unapiga upande mmoja, dakika mbili, unaufungua, unaugeuza kama chapati, unapiga upande wa pili, dakika mbili nyingine. Umekwisha. Ukiurudisha tena kwenye kamera, kamera haitakukataza. Itapiga picha mpya juu ya picha za zamani, kimya kabisa.

Tena mkanda haupendi jua. Papa Musafiri alinifundisha kuupakia chini ya kitenge, kwa vidole, bila kuona, kama mama anayemfunga mtoto mgongoni. Alikuwa na sheria moja zaidi: kopo la mkanda mpya usilibandue utepe wake wa gundi mpaka dakika ya kupakia. Lililofungwa ni jipya, lililofunguka limetumika. Hata kipofu hapotei. Hiyo sheria ikumbukeni.

Siku ya kwanza, Alhamisi, mvua ilinyesha toka asubuhi mpaka jioni. Tulikaa barazani chuoni tukila karanga. Ezati alitaka kulia. Andama, aliyecheza mwizi, alilala usingizi. Huyu Andama alikuwa winga wa Onduparaka, miguu mirefu, roho nyepesi, na alikuwa amechaguliwa kwa sababu Ezati alitaka mwizi ambaye hakuna mtu angemkamata.

Ijumaa tukapiga mambo yote ya chuoni. Mlinzi anafungwa kamba. Andama anaingia ofisini, anainama gizani, anachukua sanduku. Mwishoni mwalimu mkuu amekaa kitini kwa heshima zake, anarudishiwa sanduku lake. Kwa ile picha ya kuingia ofisini nilikaa kinyumenyume kwenye keria ya baiskeli, kamera jichoni, na watu wawili wakaisukuma baiskeli polepole. Ikawa laini kuliko hizo mashine zenu. Damu ya mlinzi ilikuwa karkade, yale maua mekundu ya kunywa, iliyochemshwa mpaka ikawa nzito. Niliwaambia mkanda wetu ni wa nyeusi na nyeupe, hata masizi yangetosha. Mlinzi akasema hapana, akiona nyekundu ndipo anapata uchungu. Mwachieni mchezaji kitu chake cha kuamini, ni bei rahisi.

Mkanda wa kwanza ukajaa pande zote mbili. Kwenye ukingo wa kigurudumu chake nikaandika kwa penseli: Ofisi. Nikaurudisha kwenye kopo. Halafu nikafanya ujanja. Nikasema kesho tutakuwa na haraka, acha nibandue gundi ya lile kopo la pili mapema. Nikalibandua. Makopo mawili, yote yamefunguka, nikayafunga ndani ya kitenge: lililotumika mkono wa kushoto, jipya mkono wa kulia. Nilijiona nina akili sana.

Jumamosi alfajiri tukapanda lori la tumbaku kwenda Koboko. Soko lilikuwa limejaa watu wa pande zote tatu za mpaka. Ezati akaenda kwa mkuu wa soko na karatasi ya chuo yenye muhuri. Mimi nikatafuta kivuli, nikapewa na mama mmoja muuza samaki wa kukaushwa, mnene, mwenye sauti ya kengele. Jina lake Mama Poni.

"Wewe nafanya nini na hii chuma?" akaniuliza.

"Napiga picha, mama."

"Ya samaki?"

"Ya soko lote."

Akaridhika. Nilikuwa na vumbi mikononi, nikamwomba maji, nikaenda nyuma ya kibanda kunawa. Niliporudi nikakuta amefungua bunda langu la kitenge na kulifunga upya, safi, kama la mtu anayesafiri.

"Fundo yako iko ya mtoto," akasema. "Ingefunguka kwa njia."

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Ningefanya nini kingine? Mtu amekusaidia. Nikapeleka mkono kulia, nikatoa kopo, nikapakia mkanda chini ya kitenge kwa vidole, kama nilivyofundishwa.

Kabla hatujaanza, askari mmoja mrefu akaja na kusimama mbele yangu. Ezati akampa karatasi. Akaisoma akiwa ameishika vizuri tu, akairudisha, akasema, "Kwanza piga mimi." Sikuwa na hata sekunde ya kumpa. Basi nikaelekeza kamera kwake bila kuikaza, nikafanya mdomo wangu uwe ndio mashine: trrrrrr. Akapiga saluti mara mbili, akaondoka ametosheka. Hiyo niliiita sinema ya hewa, na nimewapiga hivyo watu wengi wakubwa kwa miaka mingi. Mwaka mmoja, kwenye harusi moja huko Inde, mjomba wa bwana harusi alihutubia saa nzima na nikampiga yote ya hewa. Mpaka leo ananisifu.

Tukaanza. Andama anashuka kwenye lori na sanduku. Andama anajificha nyuma ya magunia. Mpelelezi, yaani Ezati mwenyewe na koti la kuazima, anatokea. Nikaugeuza mkanda chini ya kitenge. Ikabaki mbio. Tulikuwa tumewaeleza wenye maduka, na mkuu wa soko alikuwa ametangaza. Lakini soko si darasa. Waliotoka Yei ya Sudani na Aru ya Kongo asubuhi ile hawakusikia, na Mama Poni, ambaye alikuwa anauza wakati wa tangazo, naye hakusikia.

Filamu yetu haikuwa na sauti hata kidogo. Ezati alilijua hilo kuliko sisi wote. Lakini Andama alipochomoka na sanduku na yeye akamfuata, aliniambia baadaye kwamba mdomo wake ulikataa. Mtu hawezi kumkimbiza mwizi kimya. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Mwizi! Mwizi!"

Soko lote likasimama. Siku za mwizi ni arobaini, lakini Andama hakupewa hata dakika. Niliona watu wanatoka kwa wauza mihogo, kwa washonaji, kwa kinyozi mmoja akiwa na mteja aliyenyolewa nusu. Niliona fimbo. Nikakaza kamera, nikapiga, nikakaza, nikapiga. Ezati akageuka kuwaambia ni sinema, akazolewa kama taka. Andama aliwakwepa watu kama kumi, nusura afike barabarani, na hapo Mama Poni akatoka kibandani. Yeye aliona jambo moja: mtu amebeba sanduku, na mgeni wake mwenye chuma yuko peke yake, bila mtu wa kumsaidia. Akaamini sanduku ni langu. Akamwekea Andama mguu, Andama akaenda chini, na Mama Poni akamkalia mgongoni.

Watu wenye fimbo wakafika. Mama Poni akawatazama.

"Huyu mimi nakamata. Iko yangu. Hapana mutu napiga kitu mimi nakalia."

Na hakuna aliyepiga. Chini yake Andama alikuwa anasema, "Mama, ni sinema, mama, ni sinema," kwa pumzi iliyobaki. Nikaacha kamera, nikakimbia, nikapiga magoti, nikamweleza. Mkuu wa soko naye akaja, akathibitisha. Mama Poni alijiweka sawa pale alipokalia, bila kuinuka.

"Kama iko sinema," akasema, "basi mimi iko ndani."

"Uko ndani, mama."

"Mimi nataka ona mimi."

Andama akaahidi. Angeahidi chochote. Ndipo Mama Poni akamwachia, akampangusa vumbi, akampa samaki mzima wa kupeleka nyumbani. Kwenye lori tulicheka mpaka dereva akauliza kama tumelewa.

Tulifika Arua jua likiwa bado lipo kidogo. Nikakaa kwenye ngazi za studio, nikafungua kamera chini ya kitenge, nikatoa mkanda, nikauweka koponi, na kabla sijafunika, jicho likaangukia ukingoni. Maandishi ya penseli, mwandiko wangu mwenyewe: Ofisi.

Mama Poni, alipofunga bunda langu vizuri, alikuwa amegeuza upande. Lakini sikuweza kumlaumu. Kama gundi ingekuwepo, vidole vyangu vingejua. Nililia pale ngazini, nawaambia ukweli. Sikulilia filamu. Nilililia karai.

Ezati alisema tunyamaze, mkanda ukirudi tuseme ni dawa za maabara. Wazo hilo lilinikaa kichwani jioni nzima. Asubuhi ya Jumapili nikaenda kwa Papa Musafiri kabla hajatoka kwenda harusini, nikamweleza yote, na la gundi nikalisema kwanza. Hakunifokea. Wenye harusi walikuwa wametafuta mkanda wao wakakosa, basi akachukua ule mpya uliobaki, akaupakia kwa ajili yao.

"Ule mwingine tutatuma kama uliko," akasema. "Mpaka irudi, mi sisemi kitu."

Mikanda ilisafishwa Nairobi. Wiki zikapita. Nikasuuza picha za harusi ile, zile alizopiga kwa kamera yake nyingine, nzuri kweli, na kila moja ilinichoma.

Mkanda uliporudi, Papa Musafiri aliutazama peke yake, mlango umefungwa. Akatoka, uso wake hausemi kitu, akamwambia Ezati: "Alika batu." Basi. Sisi tuliutazama mara moja tu, na Ezati akaomba tuuchome. Ofisi ilikuwa na giza, na ndani ya lile giza soko la Koboko lilikuwa linatembea. Watu walikuwa wanapita kwenye kuta. Hungejua mwizi yupi ni wa Ijumaa na yupi wa Jumamosi. Lakini wazazi walikwisha kualikwa.

Siku ya wazazi tuliziba madirisha ya bwalo kwa mablanketi ya bwenini mchana kweupe. Kwetu, mnajua, filamu haiendi bila mtu wa kuieleza kwa mdomo, na kazi hiyo ilikuwa ya Ezati. Mama Poni alikuwa amekuja kwa lori toka Koboko, amevaa gauni jipya la gomesi, amekaa safu ya mbele, na amemletea mwalimu mkuu samaki. Mashine ya kuonyeshea ikawashwa. Andama akainama gizani kuchukua sanduku, na watu mia wakatoka ukutani nyuma yake.

Ezati akafungua daftari lake, akatafuta pa kuanzia. Nikasikia mtu nyuma akisema, "Hii imeharibika." Papa Musafiri alikuwa karibu na mlango. Sikuthubutu kumtazama.

Ndipo Mama Poni akasimama.

"Hapana haribika," akasema kwa ile sauti yake. "Ninyi hamuoni? Angalia huyu mutu. Hajashika sanduku bado, sisi iko nakuja. Hii iko roho yake. Yeye nataka iba, lakini ndani ya roho naona soko yote nafuata yeye. Ukuta hawezi zuia sisi. Na ule pale, na kitambaa, ule iko mimi!"

Bwalo likalipuka. Kuanzia hapo hakukaa. Alieleza filamu yote mpaka mwisho, anamwonya mwizi, anawataja watu wa soko kwa majina, anamcheka kinyozi. Kila mtu aliielewa, mimi mwenyewe niliielewa kwa mara ya kwanza. Na mwisho, pale mwalimu mkuu alipokuwa amekaa kitini kwa heshima zake anasubiri sanduku, Mama Poni wa ukutani akaja, akageuka, akamkalia. Mwalimu mkuu, ambaye chuoni hakuna aliyewahi kuona meno yake, alicheka mpaka akavua miwani. Walitaka irudiwe. Tukairudia mara nne, na kila mara Mama Poni aliongeza kitu.

Papa Musafiri aliondoka kabla ya mara ya nne, bila kuniaga. Furaha yangu yote ikanywea. Nikasema, watu wamecheka, lakini kosa ni kosa, na neno lake alilitoa mapema.

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, lakini sikujua kama wanasema hivyo Kongo. Asubuhi nikaenda kazini mapema, nimejifunga kitenge cha kazi, nimekunja mikono. Kwenye kigoda changu palikuwa na kamera. Kando yake makopo mawili ya mikanda, yote mawili na gundi yake. Nikatazama karai lilipo. Papa Musafiri alikuwa amelichuchumalia, suruali imekunjwa hadi magotini, anasuuza picha, vibaya, maji yamejaa sakafuni.

"Jumamosi iko arusi, Candiru," akasema bila kuinua kichwa. "Leta ile ndoo kwanza, kisha ukae mbali na karai yangu."